Mbao za kurushia vifuko uani: rangi ya mafuta, rangi ya maji au vanishi?

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Mbao mbili zilizoinama hutazamana, kila moja ina tundu karibu na kichwa, na kila upande una vifuko vinne vya kurusha. Kifuko kikitumbukia tunduni ni pointi 3, kikibaki juu ya ubao ni pointi 1, na wa kwanza kufikisha 21 ameshinda. Mchezo huu umetoka Marekani, lakini vifaa vyake vyote vinapatikana Arusha na Moshi, na seremala wa mtaani anaweza kukukatia mbao asubuhi moja. Kinachomsumbua anayeanza ni rangi. Akikosea hapo, ubao hunata, au rangi hubanduka baada ya masika ya kwanza, au kila kifuko kinachotua huteleza moja kwa moja hadi kwenye nyasi.

Kabla ya kuchagua kopo dukani, jiulize mambo mawili: ubao utalala wapi usiku, na kifuko kitateleza vipi juu yake. Wengi huanza na rangi ipi itapendeza. Hilo liwe la mwisho, kwa sababu rangi zote huuzwa nyekundu, bluu na kijani.

Ukubwa wa kazi

Vipimo vya kawaida ni futi 2 kwa 4, yaani sentimita 61 kwa 122. Tundu lina kipenyo cha inchi 6 na kitovu chake kiko inchi 9 kutoka ukingo wa juu. Nyuma ubao huinuka hadi inchi 12, mbele hubaki inchi 3 au 4. Umbali kati ya kingo za mbele za mbao mbili ni futi 27, kama mita 8.2. Ua wa Sakina, Arusha, au Soweto, Moshi, ukiwa na mita 6 tu, watoto watacheza bila kulalamika.

Shiti moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 hutoa nyuso nne, hivyo nusu shiti inakutosha. Nyuso mbili za juu zina mita za mraba 1.5. Ukiongeza upande wa chini, fremu na miguu unafika kama mita za mraba 4.5. Lita moja ya rangi hupaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa tabaka moja, ingawa mbao tupu hunywa zaidi. Kwa hiyo nunua lita 1 ya praima (rangi ya kwanza ya kuandaa mbao), lita 1 ya rangi kuu, robo lita ya rangi ya mchoro na nusu lita ya vanishi. Usikubali kuuziwa kopo la lita 4 kwa kuwa "bei yake ni nafuu ukigawa". Litagandia stoo.

Kuhusu mbao zenyewe, kwa uso wa juu plaiwudi ya milimita 12 au 18 inaishinda mbao ya kuunganisha. Paini inayotoka mashamba ya miti ya Meru na West Kilimanjaro ni nzuri kwa fremu, ile ya mbili kwa nne, ila ukiipanga vipande ili iwe uso, kila kiungo kitafunguka kiangazi na kufumba masika, na rangi itapasuka kwenye mistari hiyo hiyo. Hakikisha pia paini imekauka. Ubao mbichi ni mzito kuliko unavyotarajia, ukiuweka shavuni ni baridi, na skrubu ikiingia huacha unyevu pembeni yake. Rangi ikipakwa juu yake huvimba malengelenge maji yanapotafuta njia ya kutoka. Uegemeze kivulini wiki kadhaa hadi ukauke, upepo upite pande zote, ndipo uanze.

Rangi ya mafuta

Hii ndiyo rangi ya mageti, madirisha na milango, na ndiyo muuzaji atakayokupa kwanza ukisema unapaka mbao. Ana sababu zake. Hufunika vizuri, hujisambaza yenyewe hata alama za brashi zikapotea, na ikishakomaa huwa ngumu na maji hayaipiti kirahisi. Kwa miguu inayosimama kwenye nyasi zenye umande, hakuna inayoikaribia kwa bei yake.

Tatizo ni namna inavyokauka. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka. Tapentaini, yaani kiyeyushi chake, ikishapaa, mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa utando mgumu, na kazi hiyo huanzia juu kwenda chini. Ukipaka nene, juu hufanya ngozi huku chini bado ni laini, kisha ngozi hukunjamana kama ile ya maziwa yaliyopoa. Mguso wa kwanza hukauka baada ya saa nne hadi sita, tabaka la pili lisubiri kesho yake, na ugumu wa kuchezea huja baada ya wiki moja au zaidi. Wiki hiyo ndiyo humshinda anayeanza. Jumamosi anapaka, Jumapili watoto wanacheza, na kufikia jioni nyuzi za vifuko zimenasa ubaoni na vifuko vimepata madoa.

Kipimo ni kidole gumba. Kibonyeze kwenye ubao kwa nguvu na ukizungushe kidogo. Kukiwa na alama yoyote au ngozi ikisogea, bado.

Jambo la pili ni kile unachochanganyia. Rangi ya mafuta huzimuliwa kwa tapentaini, tena kidogo, kama kifuniko kimoja cha chupa kwa robo lita. Mafuta ya taa huacha masalia yanayochelewesha kukauka kwa siku nyingi. Petroli inawaka kwa cheche moja na mvuke wake huumiza. Thina kali ya rangi za magari hulainisha tabaka la chini na kulikunja. Makosa haya matatu yanafanyika kila siku kwa sababu vitu hivyo viko karibu na ni rahisi kupata.

Tatu ni usalama. Rangi za mafuta za njano, chungwa na nyekundu kali zilitengenezwa kwa miaka mingi kwa kutumia madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ubao huu utashikwa na watoto ambao baada ya hapo watakula chapati. Chukua kopo lenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na maandishi kwamba halina risasi. Kama halikuandikwa, liache hapo dukani. Na matambara uliyofutia vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani usiyafinyange ukayatupa pembeni: yanapokauka hutoa joto, na yakiwa yamekunjwa joto hilo linaweza kuwasha moto lenyewe. Yatandaze moja moja nje hadi yakauke, au yaloweshe kwenye ndoo ya maji.

Rangi ya maji

Hapa inabidi kutenganisha vitu viwili ambavyo dukani vyote huitwa rangi ya maji. Kuna ile ya kuta za ndani, ambayo pengine imebaki nusu kopo tangu sebule ilipopakwa. Ina chokaa nyingi na gundi kidogo, na uso wake ni kama ubao wa darasani. Kifuko cha karibu nusu kilo kikitua juu yake mara mia, rangi hugeuka vumbi. Usiitumie hata kama ni ya bure. Kuna na akriliki ya nje, au ile iliyoandikwa kuwa ni ya mbao na chuma. Hiyo ndiyo tunayoizungumzia.

Akriliki hukauka mguso ndani ya saa moja, na tabaka la pili huingia baada ya saa mbili hadi nne. Yaani anayeanza saa tatu asubuhi anaweza kumaliza praima na matabaka mawili ya rangi kabla jua halijatua. Brashi huoshwa kwa maji na sabuni. Harufu ni ndogo, na unaweza kupakia barazani huku bibi ameketi hapo hapo. Utando wake hubaki na mnyumbuko, hivyo mbao zikivimba na kusinyaa kati ya masika na kiangazi, rangi hufuata badala ya kupasuka. Nyeupe yake hubaki nyeupe, wakati nyeupe ya mafuta ikifungiwa stoo gizani hugeuka njano.

Ubaya wake ni ulaini. Akriliki inaonekana imekauka siku ile ile, lakini hukomaa kwa wiki mbili hadi nne, na hata ikikomaa, jua la saa saba mchana huilainisha kidogo. Mbao mbili zilizopakwa zikilazwa uso kwa uso hugandana, na ukizitenganisha kwa nguvu kipande cha rangi cha huku kinahamia kule. Ndiyo maana uso wa juu unahitaji vanishi ya maji isiyo na rangi juu yake, matabaka mawili au matatu membamba.

Kingine: maji ya tabaka la kwanza huvimbisha nyuzi za mbao, na ubao uliokuwa laini unakuwa kama ulimi wa paka. Usiogope na usiongeze rangi. Ukishakauka, pitisha msasa namba 180 kwa mkono mwepesi, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha endelea.

Vanishi peke yake

Inavutia pale plaiwudi ina sura nzuri au umetumia mgrevilea wenye mistari yake. Lakini haifichi kitu: puti, alama ya penseli, mkwaruzo wa msasa, vyote vitaonekana. Na vanishi ya kawaida ya fanicha za ndani hupitisha jua. Huku juu, nyuzi tatu kusini mwa ikweta na kwenye mwinuko wa Arusha wa mita 1,400 hivi, jua huichoma mbao chini ya vanishi, mbao inageuka kijivu, na vanishi inaachia na kubanduka kwa magamba. Kama huna stoo, usichague hii. Kama unayo, nunua vanishi ya nje yenye kinga ya jua na ukubali kuikwangua na kuirudia kila mwaka.

Kifuko kikitua

Kwa mwinamo wa kawaida, kama nyuzi 10, kifuko kinapaswa kukaa ubaoni chenyewe kikiwekwa, na kuteleza kikisukumwa kwa kidole kimoja. Kati ya mambo hayo mawili ndipo utamu wa mchezo ulipo, kwa sababu mrushaji mzuri hutua mbele ya tundu na kukiacha kifuko kiteleze kupanda hadi kitumbukie.

Rangi ya mafuta inayong'aa ikiwa imekomaa na kukauka vizuri huteleza kupita kiasi. Ikipata unyevu wa jioni hugeuka na kushika. Akriliki isiyong'aa bila vanishi husimamisha kifuko pale pale kama kimepigwa msumari. Inayocheza vizuri zaidi ni akriliki yenye vanishi ya maji ya mng'ao wa kati, iliyopigwa msasa namba 220 kati ya tabaka na tabaka. Jaribu kabla hujaosha brashi kwa mara ya mwisho: ubao ukikauka, weka kifuko, sukuma. Kikiteleza chenyewe, pitisha msasa namba 220 mara moja kufuata urefu wa ubao. Kikigoma, ongeza tabaka moja jembamba la vanishi.

Kifuko chenyewe kina mchango. Kiwe inchi 6 kwa 6, uzito kama gramu 450, cha turubai la pamba au jinzi ya mtumba yenye kitambaa kizito. Ukijaza mahindi ya soko la Kilombero, Arusha, au Mbuyuni, Moshi, yakaushe kabisa na uviweke mbali na panya. Unga unaochujika kutoka kwenye mahindi hukaa ubaoni kama poda na kuongeza mtelezo, kwa hiyo futa ubao kila baada ya michezo michache kabla ya kuilaumu rangi.

Tungepaka hivi

Tungechanganya. Uso wa juu na kingo zake: akriliki na vanishi ya maji. Chini ya ubao, ndani ya fremu na miguu: rangi ya mafuta, kwa sababu huko hakuna kifuko kinachoteleza bali kuna umande, tope na mchwa wanaonusa. Paka sehemu za mafuta kwanza, wiki moja kabla, na uziache zikomae. Akriliki ikigusa mafuta yanayong'aa bila msasa haishiki, itatoka kama ganda la kitunguu, hivyo mpaka kati ya rangi hizi mbili uwe kwenye kona ya chini ya fremu, na pale zinapokutana piga msasa kwanza.

Asiyetaka makopo mengi achague akriliki kila mahali, miguu ikiwemo, akijua kwamba miguu itahitaji kurudiwa baada ya masika mawili. Rangi ya mafuta kila mahali tungemshauri yule tu ambaye mbao zake zitalala nje mwaka mzima na ana subira ya wiki mbili.

Tundu na miguu, mahali rangi hufia

Ubao ukiharibika, hauanzi katikati. Unaanza kwenye mdomo wa tundu. Ukiliangalia kwa karibu utaona tabaka za plaiwudi zikiwa wazi, moja imelala na nyingine imesimama, na zile zilizosimama zina vinyweleo vinavyofyonza maji kama mrija. Msumeno nao umeacha ncha kali ambayo haishiki rangi. Ncha yoyote huikataa rangi, hujivuta pande zote mbili na kuacha uzi wa mbao tupu. Kila kifuko kinachoingia kinakwangua hapo hapo.

Chukua kipande cha bomba au chupa ya soda, kizungushie msasa namba 80, na usugue ndani ya tundu hadi makali ya mdomo yawe butu unapoyapitishia kidole. Rudia kwa namba 120. Mashimo kati ya tabaka yajaze puti ya mbao, yakauke, sugua tena. Kisha praima mara tatu badala ya moja, kila mara ukiisukuma ndani kwa brashi ndogo ya inchi 1. Tabaka la kwanza litazama lote, na la pili karibu lote. La tatu likibaki juu likang'aa kidogo, vinyweleo vimeshiba.

Miguu ni hivyo hivyo. Sehemu inayogusa ardhi ndiyo iliyokatwa kwa kukingama, na ndiyo inayonywa maji zaidi. Mimina praima kwenye kifuniko cha kopo, simamisha mguu ndani yake dakika kumi, geuza, acha ukauke. Hakuna kazi ndogo kama hiyo inayoongeza umri wa ubao kiasi hicho.

Vifundo vya paini vina utomvu unaopenya rangi na kutoa doa la kahawia miezi kadhaa baadaye. Vipake shelaki, aina ya vanishi ya kuzibia, mara mbili kabla ya praima. Praima peke yake haivizuii.

Arusha Julai, Moshi Januari

Ni kopo moja lakini tabia mbili. Juni na Julai Arusha asubuhi ni ukungu na manyunyu, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Akriliki haitaki chini ya nyuzi 10 inapojenga utando wake, na mafuta yanajivuta tu. Anza saa nne asubuhi, weka brashi chini saa tisa alasiri, na ubao ulale ndani. Umande ukiikuta rangi mbichi, asubuhi unakuta mng'ao umekufa kwa mabaka.

Moshi iko chini zaidi, na Januari au Februari tatizo ni kinyume. Rangi hukauka kwenye brashi kabla hujarudi kuiunganisha, na michirizi hubaki. Pakia kivulini, na akriliki ikianza kuvuta, ongeza maji kidogo, yasizidi sehemu moja kwa kumi. Vumbi ni jambo jingine. Mwagia maji sakafu ya baraza na ardhi ya karibu nusu saa kabla, na usipakie chini ya mti, hata kivuli chake kiwe kizuri vipi. Machi hadi Mei, kwenye miji yote miwili, subiri.

Mchoro

Mistari na pembetatu zitokee kwa tepu ya karatasi. Kosa ni rangi kupenya chini yake. Ukishabandika tepu na kuikandamiza kwa ukucha, paka ukingo wake kwanza kwa ile ile rangi ya chini. Itaziba vipenyo, kisha juu yake paka rangi mpya, na uibandue tepu ikiwa rangi bado ina unyevu, ukiivuta kwa pembe kurudi nyuma. Rangi ya kopo la kupuliza ni ya haraka na inafaa kwa herufi za kukata kwenye karatasi ngumu, ila usiipulize juu ya rangi ya mafuta ambayo haijamaliza wiki mbili, maana itaikunja. Rola ya sponji ya inchi 4 huacha uso ulio sawa kuliko brashi kwa yule ambaye mkono wake haujazoea. Brashi ya inchi 2 ibaki kwa fremu na kingo.

Mbao zikishakamilika, zihifadhi zikiwa zimesimama, na vijiti viwili au kipande cha khanga kikuukuu kati ya nyuso zake. Mkwaruzo ukitokea, usingoje. Piga msasa namba 220 eneo la kiganja tu, gusa kwa rangi uliyobakiza kwenye chupa ndogo iliyojazwa hadi shingoni ili hewa isibaki ndani, na siku ya pili rudishia vanishi uso mzima, kwa sababu vanishi ya kiraka huonekana na kifuko hukihisi kinapopita.